Tunahamia Huko

Watu wakisema wanahama, wengi wao hawajui wanasema nini. Hayo yalikuwa maneno ya Bwana Kamba, na aliyasema kwa kiburi kidogo, maana kazi yake ilikuwa kuhamisha watu na aliifanya tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alianza na mkokoteni wa kusukuma, halafu akashirikiana na dereva mmoja mwenye pikapu kuukuu, mtu mpole aliyeitwa Taratibu kwa sababu ya mwendo wake barabarani. Jina la Kamba lilitokana na zile kamba zake za katani, ambazo hazikutoka begani hata siku asiyokuwa na mzigo. Wenye ulimi mkali walidai ameitwa hivyo kwa sababu anawafunga watu kamba, yaani ni mwongo. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kutia chumvi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ukimpigia simu, hakuanza kwa kuuliza una vitu vingapi au unakaa ghorofa ya ngapi. Aliuliza kwanza: mnahama, mnahamia, au mnahamishwa? Wateja waliona anawapotezea muda. Lakini yeye alikuwa na sababu zake. Anayehama, akili yake imebaki kwenye nyumba anayoiacha. Atarudi ndani mara mbili tatu kuangalia kama amesahau kitu, na kitu chenyewe hakipo. Anayehamia ameshafika kule moyoni, hana subira, na ndiye anayevunja sahani. Anayehamishwa, iwe na mwajiri au na mwenye nyumba, hayuko hapa wala kule, na huyo usimsumbue kumwuliza meza iwekwe wapi.

Aliwahi kumbeba karani mmoja aliyesema kwa kifua mbele, "Nimepata uhamisho," wakati mkewe jikoni alikuwa anafunga vikombe na kunung'unika kwamba wametupwa. Mzigo mmoja, gari moja, maneno mawili, na Kamba alisema mwenye haki alikuwa mke. Aliwahi kuitwa alfajiri na mwanamke aliyesema anasafiri kidogo tu, huku godoro limeegemea ukutani na mtoto ameshavishwa viatu. Anayesafiri kidogo habebi godoro. Kamba alilifunga, na Taratibu siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliendesha kwa kasi. Na kuna mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Kiswahili cha vitabuni, aliyemwambia kwamba amegura mtaa ule, yaani ameuhama. Kamba akasikia ameugua. Akampa pole na kumkataza kunyanyua hata stuli, na mwalimu, wala si mjinga, akakaa pembeni akapumzika mpaka kazi ikaisha.

Alipenda kuyachambua maneno hayo hata asipoulizwa. Muuza duka wa chini ya nyumba yao alizaliwa mtaa uleule, na baba yake pia, lakini babu yake ndiye aliyekuja na furushi kichwani. Akipandisha bei ya sukari anaitwa mhamiaji. Akishusha anakuwa mwenyeji. Kamba aliona hilo ni jambo la kuchekesha kuliko yote, akalisimulia mpaka muuza duka mwenyewe akachoka kucheka.

Neno moja tu hakulitaka masikioni mwake, nalo ni kulowea. Alisema ni neno la nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

Kisa cha kulichukia kilikuwa mwanawe. Huyo alikuwa mtoto wao wa pekee, fundi wa mafriji, mkono mwepesi na maneno machache. Alipoondoka, wazazi walisema amesafiri. Ikapita miaka, wakasema yuko nje kikazi. Akaoa hukohuko, akapata watoto, wakaanza kusema anaishi kule, na waliposema hivyo walipunguza sauti. Ndipo jirani mmoja wa ghorofa ya pili, bila nia mbaya, akatamka kwenye ngazi kwamba kijana yule ameshalowea, wasihesabu kwamba atarudi. Kamba hakumsalimia jirani huyo mpaka alipokuja kumwomba ampandishie kabati.

Yeye mwenyewe, aliyewahamisha nusu ya mji, hakuwahi kuhama. Aliingia na mkewe katika vyumba vile vya ghorofa ya tatu walipooana, na hapo wakabaki: chumba cha kulala, sebule ya dirisha moja, jiko la kugeuka kwa zamu, na kile chumba kidogo alicholala kijana, ambacho sasa kilikuwa stoo ya mablanketi ya kufungia samani. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Mtaa mzima walimwita Mama Cherehani, na mashine yake iliunguruma dirishani asubuhi hadi jioni, hata Kamba alisema akirudi bila kuisikia atajua amepanda ngazi za nyumba ya watu.

Mashine ikanyamaza. Miguu ya Mama Cherehani ilianza kuvimba, kwanza jioni tu, baadaye kutwa nzima, na magoti yakakataa ngazi. Daktari alitoa dawa na mashauri. Dawa alizimeza. Mashauri yalikuwa kwamba asikae peke yake na asipande wala kushuka sana, na hilo kwa mtu wa ghorofa ya tatu mwenye mume wa kushinda kwenye mizigo lilikuwa ni kama kumwambia asizeeke. Kamba alitafuta vyumba vya chini. Mtaa mzima vyumba vya chini vilikuwa vimegeuzwa maduka.

Basi akaja shemeji yake, mdogo wa Mama Cherehani, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene. Alikaa ng'ambo ya mji, nyumba ya chini, hakuna ngazi hata moja, na alishinda nyumbani. Alisema waziwazi kwamba dada yake ahamie kwake. Kitanda kimoja cha ziada kilikuwepo, katika chumba walicholala wajukuu zake wawili wa kike. Mwanamume mtu mzima hangekuwa na pa kuweka hata kofia yake pale, na kila mtu alilijua hilo, hivyo hakuna aliyelisema. Kwa ufupi, akipatikana mtu wa kushinda na mama, wazee wale wataendelea kulala chini ya dari moja. Asipopatikana, mama atakwenda kwa mdogo wake na baba atabaki na kamba zake. Mama Cherehani alimwambia mdogo wake ampe muda kidogo afikirie.

Katika muda huohuo ndipo kijana alipotuma ujumbe wa sauti.

Lazima nieleze hapa kwamba miezi kadhaa nyuma, wakiongea kwenye simu, kijana aligusia nchi nyingine, ya mbali zaidi na ya baridi, ambako kaka wa mkewe alikuwa ameshatangulia. Kamba alicheka akauliza nchi ya barafu wanataka mafriji ya nini. Kijana naye akacheka kidogo, na kwa Kamba habari hiyo ikawa imekufa siku hiyohiyo. Yeye kila simu alikuwa na wimbo wake mmoja tu, kwamba chumba kipo, mtu arudi nyumbani. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jambo lake kichwani, na wote wawili waliliita "lile jambo".

Ujumbe ulisikika una kelele za barabarani. Kamba na mkewe walikaa kitandani, simu katikati yao, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

"Mama, shikamoo. Baba, shikamoo. Jamani, lile jambo tumeshaliamua. Tumechoka kukaa hapa kama watu wa kupita. Tunahama. Tunahamia huko moja kwa moja, mimi na mama watoto na watoto wote. Ni mwezi ujao, Mungu akipenda. Baba, najua utakuwa na lako la kusema, lakini naomba baraka zako."

Kamba aliurudia ujumbe. Akaurudia tena. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo mkewe hakuiona tangu aanze kuugua.

"Huko wapi?" Mama Cherehani akauliza.

Kamba alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jua linatoka upande gani. Akamweleza polepole. Kijana yuko kule. Mtu akiwa kule, kwao ndiko huko. Amesema amechoka kukaa kama mtu wa kupita, na mtu akichoka kupita anakwenda wapi kama si kwao? Mkewe akasema kama ni hivyo, angesema nyumbani. Kamba akauliza atasemaje nyumbani wakati mkewe amekaa pembeni anamsikiliza, na nyumbani kwa mkewe si hapa? Mama Cherehani akasema basi ampigie amwulize tu, neno moja.

"Mtoto anaomba baraka, wewe unataka kumfanyia usaili," Kamba akasema.

Na huyu ndiye mtu aliyejisifu kwamba akisikia tu mteja anavyolitamka neno kuhama anajua kama analia au anacheka. Mwanawe angekuwa mteja, angemwuliza. Angemwuliza mara tatu. Lakini alikuwa na shauku, na mwenye shauku akipewa neno lenye milango miwili hupita kwenye mlango anaoutaka. Akashika simu, akakohoa, akasema: "Mwanangu, tumekusikia, mimi na mama yako. Sina la kusema isipokuwa heri. Mungu awafikishe salama. Tunasubiri kusikia mmefika."

Jibu halikuchelewa. Kijana alimshukuru, akasema hakutegemea baba yake angelipokea hivyo, na kwamba amelia.

"Unaona? Amelia," Kamba akamwambia mkewe, na yeye mwenyewe akageukia dirisha.

Tangu siku ile Kamba hakutulia. Mablanketi ya stoo yakahamia chini ya kitanda, mbao zilizokuwa humo zikapelekwa kwa Taratibu, na chumba kidogo kikapakwa rangi ya maziwa. Kwa mteja mmoja aliyekuwa anahamia nyumba ndogo alipata kitanda cha ghorofa, akakipandisha vipande vipande mgongoni mwake, akakiunga, akalala juu yake kupima kama kitawahimili wajukuu. Mtaani alitangaza kwa sauti. Mwanzoni kijana alikuwa anarudi. Baada ya siku chache alikuwa anarudi na mashine zake zote. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anakuja kufungua karakana yenye vijana wanne, na muuza duka wa chini alikuwa ameshaahidiwa friji jipya. Jirani wa ghorofa ya pili alisimamishwa kwenye ngazi akaambiwa: "Yule uliyesema amelowea, anakuja kuanikwa."

Shemeji alipofika kumchukua dada yake, gari likiwa linangoja chini, Kamba alimpokea kwa heshima zote na kumrudisha kwa heshima zote. Alimwambia asante sana, shemeji, lakini mwanangu anahamia hapa na mkewe, mama atakuwa na mtu wa kumshika mkono asubuhi mpaka jioni. Shemeji akamgeukia dada yake. Mama Cherehani aliangalia sakafu. Hakuamini, wala hakuwa na nguvu za kukataa kuamini. Akasema mwezi si mbali, wacha angoje, na shemeji akashuka ngazi akiongea peke yake kwa ile sauti yake nene.

Kungoja kulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mama. Asubuhi Kamba alimwachia chupa ya chai, ndoo karibu na kitanda, simu chini ya mto, akaondoka. Siku moja walipata kazi ndefu, familia iliyokuwa na vitabu kuliko vyombo. Aliporudi jioni alimkuta mkewe amekaa sakafuni kati ya kitanda na mlango, mgongo ukutani, khanga imelowa. Alianguka asubuhi. Simu ilikuwa pale chini ya mto, hatua mbili, na hatua mbili zilimshinda. Majirani walikuwa kazini, na muuza duka redio yake ilikuwa juu.

Kamba alimnyanyua, akamwosha, akambadilisha. Mama Cherehani hakulalamika. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba mwezi wenyewe unaisha lini. Kamba akasema karibu, karibu sana, halafu akatoka nje kwenye ngazi akasimama akishika kitasa, kwa sababu aliona aibu na hakutaka aonekane nayo. Tangu siku ile miguu ya mama haikusimama tena sawasawa. Kutoka kitandani mpaka dirishani, safari aliyokuwa akiifanya kwa kushika ukuta, sasa ilihitaji mtu.

Simu ya kijana ililia Kamba akiwa kazini, ameshika upande wa chini wa kabati la nguo kwenye ngazi za watu, Taratibu amelishika juu. Alipoona jina, alimwambia Taratibu watue. Kabati likakaa kwa pembe juu ya ngazi mbili, Taratibu amelikumbatia.

"Baba, tumefika."

"Mmefika!" Kamba akapaza sauti mpaka mteja akachungulia. "Mko stendi au uwanja wa ndege? Msibebe kitu, kaeni hapohapo, nakuja na gari."

Kijana akacheka. "Gari gani tena, baba? Tumefika huku. Tangu juzi, ila laini zilikuwa zinasumbua. Watoto wanavaa makoti hata ndani."

Huku ni neno dogo, na mtu hulisema akiwa na miguu yake miwili juu ya mahali anapopasema. Kamba alikuwa amesimama huku kwake. Mwanawe alikuwa amesimama huku kwake. Hapakuwa na ujanja wowote wa kuzifanya huku hizo mbili ziwe moja, na Kamba, ambaye maneno ya namna hiyo ndiyo yalikuwa maisha yake, aliliona hilo kabla hajauliza. Aliuliza hata hivyo.

"Huku wapi?"

"Kwa shemeji yangu, baba. Ile nchi niliyokuwa nawaambia." Kijana akaongeza: "Si ulinibariki?"

Taratibu alisema baadaye kwamba alidhani mzee amepewa habari ya kifo, kwa jinsi mkono wake ulivyotafuta ukuta.

"Nilikubariki," Kamba akasema. "Nilikuwa nakutania tu. Baridi ni kali?"

"Kali, baba. Na mama anaendeleaje?"

"Yupo. Anakusalimu. Vaeni vizuri."

Angeweza kumwambia. Mimi naona alipaswa kumwambia, mtoto ajue chumba kimepakwa rangi na mama yake ameshinda sakafuni akimngoja. Lakini kijana alikuwa na furaha katika sauti, furaha ya mtu aliyeondoka na radhi za baba yake, na Kamba hakuona namna ya kuichukua baada ya kuitoa. Akaweka simu mfukoni, akainama, akashika kabati. Walipofika chini mteja alilalamika kwamba mlango umekwaruzwa, na Kamba, ambaye kwa kawaida angebishana mpaka jioni, alisema ni kweli, samahani.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha cherehani akamwambia mkewe yote, bila chumvi hata chembe. Alimwambia wamefika, na hawakufika hapa, na hawaji.

"Nilikuuliza huko wapi," Mama Cherehani akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema namfanyia mtoto usaili."

Mkewe alikuwa na hasira, na hakuificha wala hakuipandisha. Aliongea kwa sauti ileile aliyotumia zamani kumwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi.

"Siku ile niliyoanguka nilijiambia, vumilia, wanakuja. Nikavumilia. Mdogo wangu aliponifuata, nilikuwa bado natembea. Ungeniacha niende, ningeshuka ngazi hizi kwa miguu yangu."

"Nilitaka ukae."

"Najua ulitaka nikae." Alijisugua goti. "Mpigie mdogo wangu."

Kamba alitoa simu lakini hakupiga. Aliuliza kama itakuwa ni kwa muda tu, mpaka miguu ipate nafuu, au kama anamaanisha kuhama kabisa. Mama Cherehani alimwambia asimwulize maswali anayowauliza wateja. Basi akapiga, na shemeji, kwa sifa yake, hakusema, "Nilisema mimi." Alisema tu kitanda kimetandikwa tangu siku ile.

Kamba hakukubali mtu mwingine auguse mzigo ule. Nguo, dawa, mto wake wa kuegemea, kiti kifupi, sanduku la nyuzi. Cherehani yenyewe mama alisema ibaki, haina pa kukaa kule, na macho yake hayakuitazama aliposema hivyo. Majirani walijitokeza kwenye ngazi, na kila mmoja aliuliza anakwenda wapi, kama watu wanavyouliza jambo wanalolijua. Kamba aliwaambia anakwenda kupumzika. Mke wa jirani akasema ndiyo, akapumzike. Hakuna aliyeuliza habari ya karakana. Muuza duka alizima redio yake, na hilo lilimuuma Kamba kuliko kama angeuliza.

Mama mwenyewe walimshusha kwenye kiti cha mbao. Kamba alimfunga kiunoni na kifuani kwa kamba zake za katani juu ya blanketi, mafundo anayofunga kwenye vioo, yasiyobana wala kuachia. Taratibu alitangulia mbele ameshika miguu ya kiti, Kamba nyuma ameshika mgongo.

"Taratibu," mama akasema kwenye kona ya ghorofa ya pili.

"Naam, mama," dereva akajibu. Hakuelewa kama ameitwa au ameonywa.

Mama Cherehani akacheka, cheko fupi la kwanza baada ya siku nyingi, na Kamba nyuma ya kiti alikisikia kicheko kile kikipita kwenye mbao mpaka viganjani mwake. Akatamani ngazi ziongezeke. Zikaisha.

Kwa shemeji kila kitu kilikuwa tayari. Chumba kilikuwa safi, na dirisha lilitazama ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo. Kamba alifanya kazi kama anavyofanya kwa mtu yeyote: alipima kitanda kisitikisike, akaweka vigae chini ya mguu mmoja uliokuwa mfupi, akasogeza meza ya dawa upande wa mkono wa kulia wa mkewe. Alipanga viatu vya mkewe chini ya kitanda, ingawa hangevivaa. Wajukuu wa shemeji walikuja kumwamkia, wakamwita babu, wakakaa kimya kwa adabu wakingoja aondoke ili chumba kiwe chao tena.

Shemeji hakukubali aondoke bila kunywa chai. Alimkalisha sebuleni kwenye kiti kikubwa, akatoa vikombe vya kabatini, vile vyenye visahani, akamwuliza sukari vijiko vingapi. Kamba alikunywa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Kutoka chumbani alimsikia mkewe akiongea na wale wasichana, akiwauliza nani kawashonea sare zao, maana mshono umepinda. Wasichana walicheka. Alisikiliza mpaka kikombe kikapoa mkononi.

Nje Taratibu alipiga honi mara moja, kwa upole, kwa sababu pikapu ilikuwa imeziba njia ya watu. Kamba aliingia chumbani kuaga. Mkewe ameegemea mto wake, khanga safi begani, na mtoto mdogo kati ya wale wawili ameshapanda kitandani miguuni kwake. Alimwambia atakuja Jumamosi wakimaliza kazi, au Jumapili kama kazi itachelewa. Mkewe akasema sawa. Akamwambia asisahau kufunga dirisha la jikoni mvua ikitishia, na awasalimie majirani. Kamba akasema salamu zitafika. Kisha akainuka pembeni ya kitanda.

"Haya," Mama Cherehani akasema. "Karibu tena."

Lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu mgeni akiinuka. Walitazamana. Mama akashika pindo la shuka akaanza kulinyoosha. Kamba alisema asante, akavaa kofia yake, akauliza mlango wa kutokea ni upi.